Gauni Ambalo Halikuchorwa

Mwezi uliopita niliteremka Tunduma kumwona mjukuu wangu, yule mwenye studio ya picha. Unaujua mji ule ulivyo siku hizi: malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, wabadilisha fedha wameshika mabunda yao mkononi, vijana wa bodaboda wanaita abiria kwa Kiswahili na Kibemba kwa pumzi moja. Na kila nguzo ya umeme ina sura ya mtu. Huyu anaomba kura, yule anahubiri uwanjani, mwingine amefariki na jamaa zake wanatembea na uso wake kwenye fulana. Nyingi anazichapa mjukuu wangu. Basi akaniketisha kwenye kiti mbele ya pazia, akawasha taa zake, akasema, "Bibi, wazee siku hizi wanapiga picha zao mapema, watoto wasije wakawachagulia mbaya. Wewe sema tu ni nguo gani unataka tukuone nayo."

Alisema kwa upendo, mtoto yule. Lakini nilisingizia kwamba taa zinaniumiza macho, nikainuka. Ulikuwa uongo. Nami nina uongo mwingine wa zamani zaidi, nao pia ulihusu picha na nguo, ambao sijapata kumwambia mtu. Nakuambia wewe sasa, kwa kuwa umri nilio nao hauna tena wa kumficha.

Nililelewa Mbozi, juu kule kwenye baridi, wakati Waingereza bado wanatawala. Baba alikuwa Rodesia kwenye machimbo ya shaba, mama akamfuata, nami wakaniacha kwa bibi mzaa baba ili nisome shule ya misheni. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mwezi wa sita ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba ng'ombe wa jirani ulisikia kengele yake kabla hujamwona. Bibi aliamka wa kwanza, akawasha moto, akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia ulezi huku akiimba wimbo wa kanisani kwa kufuata mwendo wa jiwe. Mpaka leo nyimbo zile nikizisikia zikiimbwa kwa kinanda naona zinakwenda haraka mno. Uji wake ulikuwa mweusi, mzito, una harufu ya moshi. Watu wa Ivuna walipopanda na mizigo yao ya chumvi, ile ya kijivujivu iliyofungwa kwa majani, alinilambisha kidogo kwenye ncha ya kidole kabla hajaiweka juu ya dari, nami niliona hiyo ndiyo sikukuu.

Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kufukuza ndege kwenye ulezi, na kuchuma buni kwenye mibuni yetu michache iliyokuwa nyuma ya migomba. Na kazi moja zaidi, niliyoipenda kuliko zote: kutafsiri. Bibi alijua Kinyiha tu. Mimi mwalimu alikuwa amenifundisha Kiswahili, hivyo alipokuja bwana shamba kukagua mibuni, au mchuuzi wa nguo kutoka Tunduma, mimi ndiye niliyesimama katikati. Bibi aliniita masikio yake. "Ngoja masikio yangu yarudi shule," aliwaambia wageni, nao walingoja. Aliponituma na maneno kwa watu alikuwa na msemo wake: "Aliyebebeshwa maji ya mwenzake asiyanywe njiani." Niliusikia mara nyingi hivi kwamba sikuusikiliza tena.

Sasa nikueleze kuhusu gauni. Bibi alipofiwa na mume wake, ndugu wa mume walitaka arithiwe, akakataa. Akamchukua mtoto wake mmoja, ambaye ndiye baba yangu, akatembea mpaka misheni akiwa na ngozi ya mbuzi mwilini na hana kingine. Alibatizwa hapo. Miaka mingi baadaye baba alimletea kutoka Rodesia kitambaa cha buluu, buluu ya mbingu baada ya mvua, na fundi aliyeketi kwenye baraza la duka la Mhindi akamshonea gauni lenye kola nyeupe na vifungo sita. Alilivaa siku za Meza ya Bwana pekee. Siku nyingine lilikaa kwenye kikapu, limekunjwa na majani makavu yenye harufu nzuri. Ile ngozi ya zamani aliitunza vilevile, lakini kwa kazi nyingine: aliitandika uani, akaanikia ulezi.

Mwaka ule nilikuwa darasa la nne. Kwenye shamba kubwa la kahawa la mzungu alikuja mgeni, ndugu wa mke wa mwenye shamba, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani na mkono uliojaa madoa ya rangi. Kazi yake ilikuwa kuchora watu. Tulimwona akipita na ubao wake wa miguu mitatu, mtumishi nyuma yake amebeba sanduku. Siku moja akasimama kwenye uzio wetu. Bibi alikuwa amepiga magoti anageuza ulezi juu ya ngozi. Mgeni akamtazama muda mrefu kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani, kisha akaniuliza mimi, kwa Kiswahili cha wazungu wa mashamba, kama mama huyu anaweza kukaa achorwe.

Nilimwambia bibi. Alicheka, akafunika mdomo kwa mkono wenye unga. Kisha akajipangusa mikono, nikaona kwamba amelipenda jambo lile.

Elewa kwamba picha za watu wakati huo zilikuwa adimu. Mimi nilikuwa nimeona mbili tu maishani. Moja ya Bwana Yesu, kanisani. Nyingine ya Mfalme wa Waingereza, katika baraza la mahakama ya chifu, amevaa koti lenye nyuzi za dhahabu na nishani kifuani. Bibi aliwahi kwenda pale kwa shauri la mpaka wa shamba, akaiangalia picha ile tangu asubuhi mpaka shauri lilipoitwa.

"Mfalme alivaa vizuri siku ile aliyochorwa," aliniambia. "Mwambie huyu mama aje kesho. Na mimi nitavaa."

Kesho yake alioga kwa maji ya moto, akajipaka mafuta, akavaa gauni la buluu na kitambaa cheupe kichwani. Akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka. Nasema kweli, hakuna malkia aliyeketi vile.

Mgeni alipofika alikunja uso. "Hapana, hapana," aliniambia. "Ambia yeye toa nguo hii. Nguo hii mimi hapana taka. Mimi nataka ya zamani. Ile ngozi. Na hii." Akatoa kwenye mfuko wake kiko cha udongo, sijui alikitoa kwa nani. Bibi hakuwa amevuta tumbaku tangu ubatizo. Kanisani kwetu ilikatazwa kama pombe.

Nilijua la kufanya. Nilipaswa kugeuka na kumwambia bibi: hakutaki wewe, anataka mtu uliyemwacha njiani ulipokuja misheni. Naye angesema hapana, na mambo yangeishia pale, tukarudi kwenye ulezi wetu.

Lakini mgeni alikuwa amekwisha kufungua sanduku lake, na juu ya mirija ya rangi kulikuwa na kijisanduku cha bati, na ndani yake penseli za rangi kumi na mbili, zimechongwa, zimelala kwa mstari. Mimi nilikuwa mchoraji bora wa shule yetu. Nilichora kwa chaki kwenye kibao na kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, kwa hiyo dunia yangu yote ilikuwa nyeupe au nyeusi. Mgeni aliyaona macho yangu. "Yeye kaa vizuri," alisema, akigonga bati kwa kucha, "mimi nakupa wewe."

Nikageuka kwa bibi. Nakumbuka kuku alikuwa anaparua kando ya mguu wake.

"Anasema uchoraji ni kama kujenga nyumba," nilimwambia. "Huanza na nguzo. Leo anachora mwili, kwa hiyo uvae ngozi, mabega yaonekane. Gauni ataliweka mwisho, juu."

"Na kiko?"

"Cha kupimia mkono tu. Atakifuta."

Alinitazama. Nilikuwa na miaka kumi na moja na sikupepesa macho. "Haya," alisema, "wewe ndiye masikio yangu." Akaingia ndani. Alipotoka amejifunga ngozi, mabega wazi kwenye baridi ile, alitembea akiwa ameinama kidogo, mikono imejikunja kifuani. Sikuwahi kumwona akiinama.

Alikaa hivyo asubuhi nne. Asubuhi zote nne alitoka na gauni mkononi, limekunjwa, akaliweka kwenye kigoda cha pili kando yake, isije ikawa leo ndiyo zamu yake. Kila asubuhi aliniuliza, "Bado nguzo?" nami nikajibu bado nguzo. Mara moja mgeni alikwenda mwenyewe akalisogeza gauni mbali, kwa kuwa rangi yake ilimsumbua macho. Nikamwambia bibi amelisogeza lisichafuke.

Siku ya nne mgeni akafunga sanduku. "Na gauni?" bibi akauliza. Nikasema ameshalikariri, atalimalizia nyumbani kwake. Bibi akataka kuona. Mgeni akaifunika kazi yake kwa shuka, akasema rangi mbichi. Akampa bibi blanketi. Bibi akamkamata kuku wetu, tetea mwekundu anayetaga vizuri, akamfunga miguu kwa ganda la mgomba mkavu, akamkabidhi kwa mikono miwili na kupiga goti kwa adabu. Mimi nikapewa bati langu kando, bibi asione. Nikalificha chini ya kitanda changu cha kamba.

Baada ya mavuno kulikuwa na maonyesho ya wakulima kwenye uwanja wa boma. Watu walileta mahindi, maharage, kahawa iliyokaushwa, fahali. Wazungu nao walikuwa na hema lao, na habari zikaenea kwamba picha za yule mgeni zimetundikwa humo, na kwamba wenyeji wanaruhusiwa kupita mchana. Bibi alikwisha kuwaambia wanawake wenzake wa kanisani. Tuliondoka asubuhi, yeye na wenzake watano, wote wamevaa vizuri, bibi akiwa na gauni la buluu ili watu walinganishe. Njia nzima walimtania. "Leo tunakwenda kukuona wewe na Mfalme," walisema. Yeye alicheka, akawaambia watembee wasichelewe. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikiburuta miguu. Mara mbili nilisema naumwa nirudi. Mara mbili bibi alinishika mkono akasema atanibeba.

Ndani ya hema mlikuwa na joto na harufu ya majani yaliyokanyagwa. Picha ya Mfalme ilikuwa imetundikwa juu kabisa, na koti lake na nishani zake zote. Yeye hakuambiwa avue. Picha ya bibi ilikuwa chini yake, upande wa kushoto.

Siwezi kusema ilichorwa vibaya. Hapo ndipo pabaya. Mikunjo ya shingo ilikuwa yake, na kovu la nyusi, na yale macho. Mabega yalikuwa wazi na ngozi imeshuka kuliko alivyojifunga. Kiko kilikuwa mdomoni, ingawa bibi alikishika mkononi tu. Nyuma yake hapakuwa na nyumba yetu wala mibuni. Palikuwa na pori.

Wanawake walisogea karibu. Kisha mmoja akacheka, kicheko cha woga, nacho kikashika watu wengine waliokuwa nyuma. Mwalimu wetu alikuwamo hemani. Mtu akamuuliza karatasi iliyobandikwa chini inasemaje, naye, kwa ile desturi ya mwalimu kusoma kila kilichoandikwa, akasoma kwa sauti na kutafsiri kabla hajafikiri: "Mpagani wa mwisho."

Bibi alitazama picha. Aliisogelea mpaka mtumishi wa hema akanyoosha mkono kumzuia. Nadhani alikuwa akitafuta kama gauni limo mahali fulani, labda kwenye kona. Kisha akageuka, akapita katikati ya watu, akatoka. Njia ya kurudi hakuna aliyetania.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa walimwita. Nilikwenda naye. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na yule wa kati ndiye mwenye sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huzuni, na aliongea Kinyiha taratibu ili asimwaibishe zaidi.

"Mama, watu wamekuona na ngozi na kiko. Wazungu wameandika kwamba wewe ni mpagani. Je, umerudi kwenye mambo ya kale?"

"Sijarudi."

"Nani alikuambia uvue nguo uliyopewa na Mungu? Kama ulilazimishwa, sema. Tutakwenda shambani tukaseme nao."

Hapo bibi alinigeukia. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama tu, akangoja, kama alivyokuwa akingoja nilipokuwa natafsiri. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilisikia watoto wa shule wakikariri hesabu ng'ambo. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na Kinyiha na Kiswahili, na sikutoa neno hata moja. Niliangalia vidole vya miguu yangu.

"Nilivua mwenyewe," bibi akasema.

Wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka Pasaka. Miezi mingi Jumapili aliketi benchi la nyuma pamoja na walevi na mtu mwenye wake wawili, na wenzake walipokwenda mbele yeye alibaki ameinamisha kichwa. Hakuvaa gauni siku hizo. Alisema si lake kulivaa. Mimi niliketi mbele na wanafunzi, nikaimba.

Jioni ya siku ile ile ya wazee, tulipokuwa jikoni, bila kugeuka kutoka kwenye chungu aliniuliza, "Walikupa nini?"

"Penseli," nikasema.

"Zilete nizione."

Nikalitoa bati. Alikaa chini karibu na moto, akaliweka magotini, akazitoa penseli moja moja na kuziangalia kwenye mwanga, akaniuliza jina la kila rangi kwa Kiswahili, na kila moja akaitamka baada yangu, kwa shida, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyekundu. Kijani. Njano. Alipofika kwenye ile moja aliigeuza vidoleni. Hakuniuliza jina lake.

"Kumbe buluu walikuwa nayo," alisema.

Akazirudisha zote, kwa mpangilio ule ule, akafunika, akanipa. Akaendelea kukoroga mboga ya majani ya maboga. Tukala. Chumvi ilikuwa imezidi, na wote wawili hatukuitaja.

Hakunipiga. Hakunikemea hata mara moja. Alinipikia, alinifulia, nilipougua homa alikesha nami. Lakini bwana shamba alipokuja tena kuhusu mibuni, bibi alivuka njia akamwita mke wa jirani aliyejua Kiswahili kidogo tu cha sokoni, kibovu, akamwomba amsaidie. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Mke wa jirani alikosea mara tatu, na bibi akangoja kwa subira mpaka alipopatia. Tangu siku hiyo mpaka nilipoondoka kwenda shule ya bweni ya wasichana, hakuniomba tena nimtafsirie neno, wala hakunituma kwa mtu.

Pasaka alirudishwa kundini. Alisimama mbele ya kanisa zima akatubu kosa ambalo halikuwa lake, kwa sauti inayosikika mpaka nje. Nilijiambia nikikua nitasimama pale pale niseme. Kisha nikajiambia nikimaliza shule. Bibi alifariki masika ya mwaka wangu wa pili bwenini. Mto ulikuwa umejaa, na nilipofika walikuwa wamekwisha kuzika. Walimzika na gauni lake, waliniambia. Niliwauliza mara mbili kuhakikisha.

Nilikuwa mwalimu miaka mingi. Nilifundisha watoto kuchora maua na ramani, na ikija siku ya kuchora mtu niliwapa hesabu. Uzeeni nimejaribu, sikufichi. Nimekaa na karatasi nikataka kuuweka uso wa bibi kama ulivyokuwa asubuhi ile ya kwanza, kabla mgeni hajafika, umepakwa mafuta, umetulia. Mkono unakubali. Ila unaokuja ni ule wa hemani, na kiko mdomoni. Picha moja imeimeza miaka yote niliyoishi naye.

Jiwe lake la kusagia lilivunjwa likatumika kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Mibuni ile ilizeeka ikang'olewa. Shamba la mzungu limegawanywa, na ile picha sijui iko ukuta gani wa nchi gani, na kama kuna anayeitazama anaamini anachokiona, kwa nini asiamini? Wale wanawake watano wamekufa. Mzee wa kanisa amekufa, mwalimu amekufa, baba na mama wamelala makaburini. Nilipokuwa na umri wa kutosha kuanza kuwatafuta watu wa kuniambia bibi alifananaje alipotabasamu, hapakuwa na mlango wa kubisha. Katika dunia nzima amebaki mtu mmoja tu aliyemwona na gauni la buluu siku ile, na anayeweza kushuhudia kwamba hakuwa kama walivyomchora. Na shahidi huyo ni mimi.